Afadhali bunduki ya runingani kuliko keki ya simuni

Jumapili moja mwezi wa Aprili dada yangu mkubwa alifika kwangu mtaani Umoja akitoka kanisani, ameandamana na bintiye wa miaka minane. Chakula kilikuwa tayari mezani, lakini hata kabla hajaweka mkoba chini, macho yake yalitua kwenye runinga. Mwanangu, aliyetimiza miaka 16 mwezi wa Machi, alikuwa ameishika padi ya PlayStation kwa mikono miwili, akimsaka adui katika magofu ya mji fulani wa Ulaya. Bunduki zilirindima. Askari mmoja akaanguka kifudifudi, na kijana wangu akapiga ukelele wa furaha.

"Karibu, shangazi. Habari ya kanisa?" alisema bila kugeuza shingo. Hilo la kutogeuza shingo ndilo lililoharibu mambo kabisa.

"Ndugu yangu," dada alinigeukia, "mtoto huyu ulimpa jina la marehemu baba ili aje kuwa jambazi?"

Katika familia yetu, dada mkubwa akianza kusema, mdogo hungoja amalize. Alisema tangu chapati ya kwanza hadi chai ya mwisho. Alitaja vijana wa mtaani kwake walioishia mikononi mwa polisi, akataja mahubiri ya asubuhi hiyo, akanikumbusha jinsi sisi tulivyolelewa kwa mpira wa makaratasi na magari ya waya. Wakati huo wote bintiye alikuwa ametulia kwenye pembe ya kochi na simu ya mamake, kimya kama maji ya mtungini, akioka keki za rangi rangi katika duka la katuni. Dada alimwelekezea kidole.

"Mtazame mwenzake," akasema. "Huyu anacheza mchezo wa watoto."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu ya simu aliyonipigia Jumanne yake usiku. Nitafika huko.

Kwanza nikiri msimamo wangu, ambao najua hautanipatia marafiki katika mkutano wa wazazi shuleni. Mimi siogopi mchezo wa kupigana risasi ulionunuliwa kwa bei inayojulikana, unaochezwa sebuleni mbele ya watu, na mtoto aliyefikia umri ulioandikwa juu ya boksi. Ninachoogopa ni mchezo wa bure. Vijana watanipigia makofi kwa hilo la kwanza, kisha watanuna kwa hilo la pili, kwani wengi wao hawana mwingine wanaoucheza isipokuwa huo wa bure.

Hofu ya wazazi kuhusu michezo ya video ni kongwe kuliko mimi. Space Invaders, mchezo wa Kijapani wa kuwatungua wavamizi kutoka angani, ulitokea mwaka wa 1978, na haikuchukua muda kabla ya wakubwa kuanza kukuna vichwa. Mnamo 1981, Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino alipiga marufuku mashine za michezo ya video nchini mwake. Mwaka uliofuata, Novemba 1982, C. Everett Koop, ambaye alikuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, aliuambia umma kwamba michezo hiyo ilikuwa ikiwadhuru watoto. Baadaye alilazimika kueleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, hayakutokana na ushahidi wa kisayansi. Msomaji, kumbuka wakati huo mchezo uliotamba ulikuwa Pac-Man, duara la manjano linalokimbia likimeza vidonge. Sijui mtoto angejifunza uovu gani kutoka kwa Pac-Man, labda ule wa kula bila kutafuna.

Miaka kumi na moja baadaye, hofu ilipata sababu ya kuonekana kwa macho. Katika Mortal Kombat, mshindi aliweza kumng'oa mwenzake moyo. Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herbert Kohl waliwaita wenye kampuni mbele ya Bunge la Seneti la Marekani, wakaonyesha picha hizo. Kampuni ziliogopa kutungiwa sheria, zikaunda bodi yao wenyewe mwaka wa 1994, ESRB, ya kuandika umri kwenye boksi. Ulaya nayo ikapata alama zake, PEGI, mwaka wa 2003. Binafsi nayahesabu matunda ya kelele hizo kuwa mema. Alama iliyo juu ya boksi la mchezo wa mwanangu ni 16, na alipokuwa na miaka 15 boksi hilo lilikaa juu ya kabati la mamake. Grand Theft Auto, yenye alama ya 18, haijaingia kwangu na haitaingia kabla ya wakati wake.

Lakini kutoka kwenye alama ya umri hadi kusema kwamba mchezo humgeuza mtoto muuaji ni safari ndefu. Aprili 1999 vijana wawili walipowaua wenzao na mwalimu katika shule ya upili ya Columbine, jimbo la Colorado, ilijulikana kwamba walikuwa wapenzi wa mchezo wa Doom, na tangu siku hiyo wengi wakaona kesi imekwisha. Walichosahau ni kwamba Doom ilikuwa imechezwa na mamilioni ya watu tangu 1993, na katika miaka hiyo hiyo uhalifu wa vijana nchini Marekani ulikuwa ukipungua, haukuwa ukipanda.

Jimbo la California lilipotunga sheria ya kuzuia watoto kuuziwa michezo ya kikatili, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2011 majaji saba dhidi ya wawili waliifuta sheria hiyo. Jaji Antonin Scalia, ambaye hakuna aliyeweza kumwita mtu wa kisasa, ndiye aliyeandika uamuzi. Mwaka wa 2019 watafiti wa Uingereza, akiwemo Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford, walichunguza zaidi ya vijana 1,000 wa miaka 14 na 15, wakawauliza vijana michezo wanayocheza na kuwauliza wazazi kuhusu tabia zao. Hawakupata uhusiano kati ya michezo ya kikatili na ukali wa vijana. Mwaka wa 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, nacho kikatahadharisha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha michezo hii na vitendo vya ujeuri wa kweli, ingawa kiliongeza kwamba upo uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana.

Hilo la kufoka silikatai. Kwangu mlango umewahi kubamizwa mara mbili tatu baada ya mechi kushindwa, na mara moja padi iliruka hewani. Siku hiyo mtambo ulikaa wiki mbili nyumbani kwa jirani. Pia nakubali kwamba kuna watoto wanaocheza hadi wanasahau kula na kuoga. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Mzazi anayesema mtoto wake amepotelea humo asichekwe.

Sasa turudi kwa Jumanne ile.

Ilikuwa yapata saa mbili usiku. Dada alipiga simu, na sauti yake haikuwa ile ya Jumapili. Alikuwa ametoka kwenye chama chao cha akina mama, ambako zamu ya mwezi huo ilihitaji kila mmoja atoe shilingi 5,000. Mbele ya mweka hazina na wenzake wote alifungua simu ili atume pesa, akakuta kwenye akaunti yake mmesalia shilingi 1,550. Alijua fika kwamba Ijumaa alikuwa na 5,000 kamili, maana alizitenga kwa ajili ya shughuli hiyo. Ilibidi aombe akopeshwe palepale, watu wakimtazama.

Kwanza alimshuku kijana wa dukani aliyemsaidia kutoa pesa wiki iliyopita. Halafu akamshuku mfanyakazi wa nyumbani, na nasikitika kusema kwamba maneno makali yalishatamkwa kabla ukweli haujajulikana. Alipopata orodha ya malipo, alikuta shilingi 150 zimetoka mara 23. Jumla 3,450. Malipo manne kati ya hayo yalifanywa Jumapili, kati ya saa saba na saa nane mchana, wakati yeye na mimi tulipokuwa mezani tukijadili ujambazi.

Mtoto aliijua vipi nambari ya siri? Ni mama mwenyewe aliyemfundisha. Jioni akiwa jikoni mikono imejaa unga, humtuma binti anunue tokeni za stima, naye binti kwa werevu wake hubonyeza nambari zote bila kukosea. Ujumbe wa malipo ulipokuwa ukiingia, aliusukuma kando kwa kidole kama anavyosukuma matangazo.

Alipoulizwa kwa nini alifanya hivyo alilia sana, kisha akatoa jibu ambalo sijapata kulisahau. "Keki zilikuwa zinaungua," alisema. "Simu ikaniuliza kama nataka kuziokoa."

Nilipolisikia jibu hilo niliitazama michezo hii kwa jicho jingine, nikaanza kuisoma kama mtu anavyosoma mkataba. Mchezo wa bure una kazi moja ambayo mchezo wa kununuliwa hauna. Mchezo wa kununuliwa huichukua pesa yako mlangoni, kisha unaachwa ndani ucheze. Ule wa bure hukuingiza bila kiingilio, halafu lazima ubuni njia ya kukufanya utoe pesa ukiwa ndani. Kwa hiyo hutengenezwa tangu mwanzo ukiwa na kero ndogo ndogo, na dawa ya kero hiyo huuzwa papo hapo.

Chukua Candy Crush Saga, iliyotolewa kwa simu mwaka wa 2012 na kampuni ya King. Mchezaji hupewa maisha matano. Yakiisha, hungoja nusu saa kupata moja. Mwenye subira hucheza mwaka mzima asilipe hata senti, na kwa kweli wachezaji wengi wa michezo ya aina hii hawalipi chochote. Asiye na subira hununua. Katika Clash of Clans, mchezo mwingine wa mwaka huo huo, jengo huchukua saa au hata siku kadhaa kukamilika, ila ukitoa vito hukamilika papo hapo. Kinachouzwa hapo si jengo, ni kutongoja. Nani asiyejua kungoja duniani kuliko mtoto wa miaka minane?

Vito vyenyewe ni ujanja wa pili. Mtoto haulizwi kama anataka kutoa shilingi 150, huulizwa kama anataka kutoa vito kumi. Vito hivyo vilinunuliwa jana kwa mafungu yasiyogawanyika sawasawa, hivi kwamba kila mara vinabaki viwili vitatu visivyotosha kununua kitu, navyo humshawishi aongeze. Hata mtu mzima aliyesoma hesabu hadi kidato cha nne hupotea hapo. Ndani ya kampuni hizi, mteja anayetoa pesa nyingi kupita wenzake huitwa nyangumi, jina lililoazimwa kutoka kwa wenye majumba ya kamari.

Na kamari haiko mbali. Ujanja wa tatu, mbaya kuliko yote, ni sanduku la bahati. Unalipa bila kujua utapata nini, kisanduku kinafunguka kwa mbwembwe na mwanga, na mara nyingi ndani hamna cha maana. Wanaocheza kandanda ya kampuni ya EA wanaufahamu mtindo huu tangu 2009, katika sehemu iitwayo Ultimate Team. Hununua pakiti za kadi wakiomba watoke Messi au Mbappé, wakatoka wachezaji wa akiba wa timu ambazo hujawahi kuzisikia.

Wajapani walistuka mapema. Mei 2012 serikali yao ilitangaza kuwa haramu mtindo mmoja uliomtaka mchezaji akusanye seti nzima ya vitu vya bahati ndipo apewe zawadi kubwa. Tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua mwaka wa 2018 kwamba masanduku ya kulipia yanavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za FIFA. Uholanzi ilijaribu kuitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ikaifuta. Uingereza nako, afisa mmoja wa EA aliiambia kamati ya Bunge mnamo Juni 2019 kwamba yeye haoni kamari hapo, ni mambo ya kushtukiza tu, mfano wa yale mayai ya chokoleti ya Kinder yenye kidoli ndani. Mimi nimewahi kumnunulia mwanangu yai la Kinder. Lilikuwa na bei, likaliwa, likaisha. Halikutuma ujumbe saa tatu usiku kumwambia kwamba yai jingine linamngoja.

Hapa Kenya sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na tumeona kwenye runinga zile mashine za sarafu za vijijini zikikusanywa na kuchomwa moto mbele ya umati unaoshangilia. Nashangaa kwamba wazazi walioshangilia moto ule huwapa watoto simu ili wasisumbue kanisani.

Kuna watakaosema kisa cha dada yangu ni uzembe wa mzazi. Ni kweli, nambari ya siri si ya mtoto. Lakini kampuni kubwa kuliko zote zimewahi kushtakiwa kwa kuwategemea wazazi wazembe. Januari 2014 Apple ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, kuwarejeshea wazazi si chini ya dola milioni 32.5, kwa sababu mzazi akiandika neno la siri mara moja, mtoto aliweza kuendelea kununua kwa dakika 15 bila kuulizwa tena. Desemba 2022 Epic, wenye mchezo wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwafidia watu waliotozwa bila kutaka, kwa vile vitufe vilipangwa vibaya kiasi kwamba mguso mmoja ulitosha kununua, na kwa muda mrefu watoto waliweza kutumia kadi ya mzazi bila mzazi kuulizwa lolote. Fortnite yenyewe ni mchezo wa bunduki, naam. Lakini fedha hizo hazikutozwa kwa sababu ya bunduki.

Vijana nao wana hoja yao, na si hoja ya kupuuzwa. Mpwa wangu mwingine, mwanafunzi wa chuo, aliniambia wazi: "Mjomba, wewe una PlayStation. Mtoto wa Mathare ana simu ya mtumba tu. Ukifuta michezo ya bure unamwachia nini?" Sikuwa na jibu zuri. Mchezo wa bure umewaingiza uwanjani watoto ambao duka lisingewaruhusu hata kushika boksi, na anayecheza bila kulipa anafadhiliwa na yule nyangumi. Ninachomwambia ni kwamba nyangumi huyo si lazima awe tajiri wa Dubai. Anaweza kuwa mama wa chama.

Hapo ndipo naongeza maoni yangu mengine yasiyopendwa, kwamba michezo ya kununuliwa si ghali kama tunavyolia. Mnamo 2025 Nintendo ilipoipa Mario Kart World bei ya dola 80, zaidi ya shilingi 10,000 zetu, wachezaji duniani kote walipiga mayowe. Ni pesa nyingi, sibishi, na kwa mshahara wa mwandishi wa makala ni nyingi zaidi. Lakini mwaka wa 1990 katriji ya Nintendo iliuzwa Marekani kwa takriban dola 50, ambazo kwa thamani ya leo zinapita dola 100. Mchezo wenyewe ulitengenezwa na watu wachache, ilhali siku hizi mchezo mmoja huajiri mamia kwa miaka mitano. Bei kubwa ya mlangoni ina uaminifu wake: mzazi huiona, hushtuka, huuliza maswali, na akikataa, amekataa.

Tena mnunuzi aliyelipa mlangoni ana nguvu. Kila orodha ya michezo mibovu humtaja E.T., uliotolewa na Atari kwa Krismasi ya 1982 kufuatia filamu ya Steven Spielberg. Howard Scott Warshaw aliuunda kwa takriban wiki tano tu, kazi ambayo kwa kawaida ilichukua miezi. Mimi humtetea. Mtu aliyeagizwa kujenga nyumba kwa wiki asilaumiwe ikivuja. Yule E.T. alikuwa akitumbukia mashimoni kila hatua, watoto wakachoka, wazazi wakarudisha katriji madukani, na mwaka wa 1983 Atari ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Katriji nyingine zilifukiwa katika jalala la Alamogordo, New Mexico, zikafukuliwa Aprili 2014 mbele ya kamera. E.T. peke yake hakuiangusha Atari, soko zima lilikuwa limefurika uchafu. Jambo ninalolipenda katika kisa hicho ni kwamba watu waliuziwa kitu kibaya, wakakataa, na kampuni ikaumia. Mchezo wa keki haurudishwi dukani. Dada alipojaribu kuuliza, aliambiwa malipo yote yaliidhinishwa kwa nambari yake ya siri.

Kwa sababu hiyo hiyo nakitetea kibanda cha gemu cha mtaani, kile cha mabati chenye runinga tatu na viti vya plastiki. Najua wazazi wanakichukia. Najua kuna watoto wanaokimbilia huko badala ya shule, na kwamba vijana wakubwa huwekeana dau. Mwenye kibanda anayepokea mtoto aliyevaa sare saa nne asubuhi anastahili kufungiwa na chifu, bila kuhurumiwa. Lakini mimi nilikulia kwenye kibanda kama hicho, tukicheza Winning Eleven ya Konami kwa shilingi tano mechi. Shilingi tano zangu zikiisha, zimeisha. Hakuna aliyenikopesha vito. Ukifungwa unasimama, mwenzako anakaa, nawe unabaki nyuma ya kiti ukitoa mawaidha ambayo hakuna aliyeyaomba. Tulijifunza kungoja zamu na kushindwa mbele ya watu, na saa moja jioni mwenyewe alizima jenereta akatufukuza, kwa kuwa mkewe alikuwa akimngoja.

Mchezo unaoshindanisha watu hadharani unaweza pia kumfikisha mtu mbali. Mwaka wa 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU kucheza Tekken, mchezo wa ngumi na mateke ambao dada yangu angeufunga kwa kufuli.

Jumamosi baada ya mkasa wake nilikwenda kwa dada. Tulibadilisha nambari ya siri. Tukaiweka simu iombe neno la siri kwa kila ununuzi, hata wa shilingi moja, na neno hilo tuliliandika kwenye karatasi iliyoingia ndani ya Biblia yake, mahali ambapo alisema binti hafungui kwa hiari. Duka la keki lilifutwa kwa kilio kirefu. Mfanyakazi wa nyumbani aliombwa radhi mbele ya watoto, na nilimheshimu dada kwa hilo.

Kuhusu bunduki hakubadilisha mawazo. Alinieleza tena, kwa utaratibu zaidi safari hii, kwamba marehemu baba hangekubali. Kisha akamimina chai, akanyamaza kidogo, akauliza ile diski ya mwanangu iligharimu kiasi gani.

"Shilingi 2,500," nikamwambia. "Ya mtumba, Luthuli Avenue. Akiichoka tunaiuza tena, labda 1,500."

Niliona midomo yake ikipiga hesabu. Binti alikuwa sakafuni akichora keki kwenye daftari la zamani.

"Na huyo mtu wa Luthuli," dada akauliza, "ana yoyote isiyo na bunduki?"